Mgongo wa mbebaji kwenye mashine ya kusaga

Wenye mashine wananiita pale vijana wao wanapolalamika kiuno, na wengi wanataka niwafundishe kubeba: chuchumaa, nyoosha mgongo, inuka kwa nguvu za miguu. Nawafundisha, lakini kwanza naangalia gunia. Gunia la kilo 100 halina mbinu. Mtu mmoja akilinyanyua, anaumia tu, leo au baadaye.

Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaanzia kilo 23 kama kikomo cha mtu mmoja kunyanyua, tena mzigo uwe karibu na mwili, usawa wa kiuno, na mbebaji asijipinde. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako badala ya 25, kiwango hicho kinashuka kwa nusu. Ukijipinda nyuzi 90, zaidi ya robo inakwenda. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la 1967, lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima.

Sasa tazama kazi yenyewe. Gunia liko sakafuni, mdomo wa mashine uko usawa wa kifua. Kijana anainama, analivuta, analipandisha pajani, kisha anageuza kiuno huku miguu imebaki palepale na unga unateleza chini ya ndala. Hapo kwenye kugeuka ndipo uti wa mgongo unapoumizwa zaidi.

Kwa mashine ndogo napendekeza debe. Debe la mahindi lina kilo 15 hadi 18 hivi. Gunia lishushwe na watu wawili, liwekwe juu ya chaga za mbao, lifunguliwe hapohapo na kuchotwa. Chaga zikae hatua mbili kutoka kwenye mashine: mtu akilazimika kutembea, atageuka kwa miguu. Sakafu ifagiliwe kila mara, na toroli la magurudumu mawili lipeleke viroba hadi kwenye gari.

Linalonisumbua zaidi ni malipo. Mbebaji anayelipwa kwa gunia hawezi kupumzika, wala hatakubali kugawana gunia na mwenzake kwa ujira uleule. Kwa hiyo ukihamia viroba vya kilo 25, lipa kwa tani, na kiwango cha tani kisishuke. Kaeni na vijana mkubaliane kabla ya mzigo wa kwanza kushushwa, maana wao ndio watakaoamua kama chaga zitatumika au zitageuzwa kuni.