Kwa nini kiti laini cha baiskeli huumiza kuliko kigumu?

Julai 23, 1989, Mfaransa Laurent Fignon aliamka akiwa anaongoza mbio za baiskeli za Tour de France kwa sekunde 50. Ilibaki siku moja tu, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Jioni taji lilikuwa la Mmarekani Greg LeMond, kwa tofauti ya sekunde 8, baada ya majuma matatu na zaidi ya kilomita 3,000. Usukani mpya wa LeMond umesemwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba Fignon alikuwa na kidonda pale anapokalia.

Anayeanza safari ndefu hudhani dawa ni kununua kiti kinene chenye sponji. Kumbe ndiyo anajitafutia maumivu. Hebu keti juu ya viganja vyako kwenye benchi la mbao: utaisikia mifupa miwili ikibonyeza. Hiyo ndiyo iliyoumbiwa kubeba uzito. Kiti kikiwa laini mno, mifupa huzama kama mtu aliyelalia godoro bovu, na sponji hupanda katikati na kubana nyama laini zenye neva na mishipa ya damu. Nusu saa ya kwanza ni raha tupu. Saa ya pili inaingia ganzi.

Utaniuliza, mbona zile Phoenix za kubebea mkaa zina kiti kipana chenye springi? Mwendeshaji wake hukaa wima, uzito karibu wote uko makalioni. Anayeinamia usukani hugawa uzito kati ya mikono, miguu na makalio, na kiti kipana kingemsugua mapajani kila anapokanyaga pedali.

Kusugua kwenyewe ndiko kesi ya pili. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, kwa saa moja ni mara 4,800. Safari ya saa tano ni mara 24,000. Tena ngozi iliyolowa jasho huwa na msuguano mkubwa kuliko ngozi kavu, na jasho likikauka huacha chumvi inayokwaruza. Mimi niliwahi kutoka Dar hadi Bagamoyo nimevaa jinzi. Mishono minne ya jinzi hukutana pale pale unapokalia. Siku mbili nilitembea kama aliyetoka jandoni.

Bukta ya baiskeli ina pedi isiyo na mshono katikati, na huvaliwa bila chupi. Hapo ndipo wengi hucheka na kukataa, kisha wanavaa chupi yenye mishono miwili na kulalamika kwamba bukta haifai. Zamani pedi hiyo ilikuwa ngozi halisi ya mbuzi-mwitu wa milima ya Alps. Ikifuliwa ilikakamaa, kwa hiyo waendeshaji waliipaka mafuta ili ilainike. Pedi za leo ni za kitambaa, ila desturi ya kupaka imebaki, safari hii ikilenga kupunguza msuguano. Mafuta ya mgando yanafaa, ingawa kuyatoa kwenye nguo ni kazi.

Kiti nacho kisiwe juu mno. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kikizidi hapo, utayumba kushoto kulia kama bata na kujichubua mwenyewe. Ncha yake isielekee juu wala chini, ilale sambamba na ardhi, au karibu na hapo. Na kila baada ya dakika kadhaa simama juu ya pedali, damu ipite.

Ukifika, vua bukta kabla hata ya chai. Vinyweleo vilivyochubuka na kulowa ni mlango wazi kwa bakteria, na hapo ndipo majipu huanzia. Bukta ya jana isirudiwe bila kufuliwa, na kunyoa sehemu hizo kusifanywe usiku wa kuamkia safari.

Jipu likishaota, dawa ni kushuka. Mwaka 1987 Mwairelandi Sean Kelly alikuwa anaongoza mbio za Hispania, zimebaki siku chache kumalizika. Alishuka. Taji likaenda kwa Mkolombia Luis Herrera.