Sauti ya bosi wako haijawahi kufika kwenye simu yako

Nimeisikia tena kauli ile ile, safari hii kutoka kwa mhasibu wa kampuni moja ya eneo la Posta, Dar es Salaam, mwishoni mwa mafunzo ya usalama wa mtandao ambayo nilidhani yameeleweka: "Hayo mambo ya matapeli kuigiza sauti za watu kwa akili mnemba (AI) yatawapata wengine. Mimi sauti ya bosi wangu naijua hata nikiwa usingizini." Wenzake wakamuunga mkono. Kauli hii nimeijibu kwa upole kwa muda mrefu mno na upole umeniishia, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi, ili atakayeirudia nimtumie kiungo na mimi niendelee na kazi.

Tuanze na simu yenyewe. Bosi wako anapokupigia simu ya kawaida, sauti yake haisafiri. Kodeki ya AMR, yaani kanuni ya kubana na kufungua sauti ambayo mitandao ya simu imeitegemea kwa miaka mingi, huikata sauti katika vipande vya milisekunde 20, na kwa kila kipande haitumi wimbi la sauti bali hutuma maelezo yake: umbo la koo na kinywa kwa wakati huo, likiwa limefupishwa kuwa namba chache, pamoja na namba za kuchagua mtetemo unaokaribiana zaidi na ule wa msemaji. Katika kiwango chake cha juu kabisa, kipande kimoja huwa na biti 244 tu. Simu yako huzipokea biti hizo, kisha huunda sauti upya kwa kufuata maelezo. Kwa maneno mengine, sauti ya bosi unayojivunia kuijua ni sauti iliyotengenezwa na mashine, na imekuwa hivyo tangu ulipoanza kumiliki simu ya mkononi. Zaidi ya hapo, karibu kila mlio mwembamba ulio juu ya hezi 3400 (mitetemo 3400 kwa sekunde) huachwa njiani, ndiyo maana kwenye simu "f" na "s" huchanganyika na mtu hulazimika kusema "F ya Fatuma". Simu zinazopita kwenye 4G zinaweza kubeba hadi karibu hezi 7000 au hata zaidi, na usikivu wake ni bora, lakini kanuni haibadiliki.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo kosa lilipo. Watu hudhani sikio lao linalinganisha sauti halisi na sauti ya kughushi, ilhali linalinganisha muhtasari na muhtasari mwingine. Sehemu kubwa ya dosari ambazo zingeifichua sauti ya kughushi ukiisikiliza kwa spika nzuri, kama vile mkwaruzo wa kimashine au pumzi isiyo mahali pake, hufutwa na kodeki ile ile inayofuta sifa za sauti ya kweli. Hata programu zilizoundwa kutambua sauti za kughushi hupungukiwa na uwezo sauti ikishapita kwenye laini ya simu, sembuse sikio la mtu aliye ndani ya daladala.

Upande wa pili, kuigiza sauti kumekuwa rahisi. Mfumo wa VALL-E, ambao watafiti wa Microsoft waliutangaza Januari 2023, ulihitaji sampuli ya sekunde tatu tu. Ulifunzwa kwa Kiingereza, na hapa nakiri kwamba Kiswahili bado kinatukinga kidogo: sauti nyingi za kughushi nilizozisikia hukosea mkazo, huitamka "ng'" kama mgeni wa wiki moja, na kiasi cha fedha huweza kusomwa kwa Kiingereza katikati ya sentensi. Sipendi kuwaambia watu jambo hili kwenye mafunzo, kwa sababu watalishika hilo peke yake na kuliacha lililobaki. Kinga ya aina hiyo haijulikani itadumu hadi mwaka gani.

Vivyo hivyo sina tena subira na ushauri wa kutambua video za kughushi kwa kuhesabu vidole na kuangalia kama macho yanapepesa. Mapema mwaka 2024 ilibainika kwamba mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong, kwa miamala 15, baada ya kikao cha video ambacho alidhani ameketi na mkuu wa fedha na wafanyakazi wenzake. Wote walikuwa wa kughushi. Kinachosahaulika katika kisa hiki ni kwamba mfanyakazi yule alikuwa na shaka tangu alipopokea ujumbe wa kwanza. Kilichomtoa shaka ni kuwaona watu anaowafahamu. Macho yake ndiyo yaliyomponza, na bado sisi tunawafundisha watu wakaze macho zaidi.

Kabla hujaingiwa na hofu ya kitu kipya, ukumbuke ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hauna akili mnemba hata chembe. Hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua, na kati yao hakosekani anayedaiwa kodi ya nyumba siku hiyo hiyo. Ujanja wake mkubwa uko kwenye sehemu inayosema "jina litakuja fulani". Huduma za fedha kwa simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, nayo ni kinga nzuri, lakini tapeli ameibatilisha kwa sentensi moja tu kwa kukutajia jina hilo mapema. Zamani tapeli alilazimika kuchagua: awatumie maelfu ujumbe wa jumla, au amwandalie mtu mmoja hadithi inayomhusu, kazi iliyomgharimu siku nzima. Akili mnemba imemwondolea uchaguzi huo. Sasa maelfu wanaweza kupata kila mmoja hadithi yake, yenye jina la mtoto wake na shule anayosoma, kwa sababu taarifa hizo sisi wenyewe tumezianika mitandaoni.

Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza mzigo Guangzhou, China, hatari kubwa wala si sauti. Ni ujumbe wa mistari michache unaosema kwamba akaunti ya kiwanda imebadilika, ulioandikwa kwa mtindo ule ule wa muuzaji, pamoja na makosa yake ya kawaida, ukitoka kwenye barua pepe yake halisi iliyokwisha kutekwa. Lugha mbovu iliyokuwa ikimuumbua tapeli haipo tena. Namba za matapeli endelea kuziripoti 15040, laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako zihakiki kwa *106#, lakini hayo hayamsaidii aliyekwisha kulipa.

Swali la kujiuliza, basi, ni ombi hili limepita njia gani, na kama unaweza kulithibitisha kwa njia nyingine ambayo mwombaji hakuichagua. Hata hapo nina mashaka yangu. Kumpigia mtu kwa namba yake ya siku zote hakusaidii ikiwa laini yake imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Neno la siri la familia, ambalo wengi tunalipendekeza, sina hakika kama mama aliyeambiwa kwamba mwanawe yuko mahututi Muhimbili atakumbuka kuliuliza. Tena ipo hasara nyingine: tukimshuku kila mpigaji, ipo siku mwana atakuwa mahututi kweli na simu itakatwa, na aliyerekodiwa akipokea rushwa atasema tu kwamba ile ni akili mnemba.

Ofisini kikwazo kikubwa ni heshima. Mhasibu anaona ni utovu wa adabu kumwambia mkubwa wake, "Samahani bosi, nakata nikupigie mwenyewe," na tapeli anategemea aibu hiyo kuliko anavyotegemea programu yoyote. Kwa hiyo utaratibu lazima utolewe na bosi mwenyewe, kwa maandishi: malipo yanayozidi kiwango fulani yanaidhinishwa na watu wawili, akaunti mpya inathibitishwa kwa simu iliyopigwa na sisi, na bosi asipopatikana malipo yanasubiri. Yanasubiri hata kama kontena liko bandarini na tozo za kuhifadhi mzigo zinapanda, na waraka huo huo useme wazi kwamba tozo hizo ni za kampuni, hazitakatwa kwenye mshahara wa mhasibu.