Mama kaja Dar, kaharibikiwa: je, ni Dar kweli?

"Daktari, kijijini alikuwa mzima kabisa. Tumemleta Dar, mwezi haujaisha, usiku anafungasha nguo anasema anaondoka." Malalamiko haya nayasikia kliniki mara kwa mara. Wapo wanaomshuku mkwe, wapo wanaomshuku jirani wa huko.

Dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na akili, haiingii kwa mwezi mmoja. Katika ugonjwa wa Alzheimer, chanzo chake kikubwa, ubongo huanza kuharibika miaka mingi kabla ya dalili. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliikuta dimenshia kwa takriban asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo vijijini wapo, ila mazoea huwasitiri. Mama anapita njia aliyoipita tangu binti, analisha kuku walewale, shoga yake anamkumbusha siku ya kikundi. Mazoea ya zamani huchelewa kupotea. Kinachotangulia kufa ni uwezo wa kushika jambo jipya. Sasa mpeleke Mbagala, kwenye geti, swichi, choo cha ndani na wajukuu wasiojua kilugha. Kila kitu ni kipya. Ugonjwa uliokuwa umejificha unatoka hadharani.

Kama lakini amebadilika ndani ya siku mbili tatu, jana anaongea vizuri, leo anasinzia na kuona watu ukutani, hilo ni jambo jingine. Mleteni hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, au upungufu wa maji tu kwa joto hili letu. Hata aliyeanguka wiki kadhaa nyuma anaweza kuwa anavuja damu kichwani taratibu.

Njooni na dawa zake zote, hata za duka la dawa. Mimi huzitazama kabla ya kufikiria picha ya kichwa. Mara nyingi humo namkuta Piriton, anapewa kila usiku "alale". Dawa hiyo huzuia kemikali ya kumbukumbu ambayo kwa mgonjwa wa Alzheimer tayari imepungua. Damu tutaipima pia: vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, VVU, kaswende. Na sonona kwa mzee hufanana sana na usahaulifu.

Nyumbani, saa ngumu ni magharibi. Washeni taa kabla giza halijaingia. Akisema anataka kwenda kwao, msimbishie kwamba kwao ni hapa. Mwulizeni habari za huko, shamba lilikuwa upande gani, kisha mpeni mchele apepete. Ukipepetwa vibaya, upepeteni tena asipoona. Akimuulizia marehemu mumewe, kumtangazia msiba upya kila jioni ni ukatili, hata kama ni kweli. Namba ya simu ishoneni kwenye nguo zake, na Mangi wa dukani na bodaboda wa kijiweni wamjue.

"Basi tumrudishe?" Inategemea nani yupo kule. Kama kuna mtu wa kumpikia, kumpa dawa na kumtazama usiku, rudisheni, na pengine atatulia. Kumbukumbu haitarudi. Kama alikuwa akiishi peke yake, hapana. Na akibaki Dar, nyinyi wanawe wa kiume mnaotuma hela, dada yenu anayemuuguza naye anahitaji wikiendi: njooni mlale hapo nyinyi.