Aisilandi mwanzoni mwa majira ya joto: mambo ya kukamilisha kabla ya kukata tiketi

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la elimu kwa wasafiri kuhusu safari za Aisilandi yameongezeka, na mengi yanatoka kwa watu waliosafiri kati ya mwisho wa Mei na wiki ya tatu ya Juni. Yanafanana sana. Msafiri alikodi gari, akapanga kwenda Landmannalaugar au Askja katika nyanda za juu za katikati ya kisiwa, akakuta barabara imefungwa, na sasa anadai arejeshewe fedha zake. Au alipita kando ya kizuizi, gari likakwama kwenye tope au mtoni, na sasa anashangaa kwa nini bima haikulipa. Makala haya yanawahusu wasomaji wa Kiswahili wanaojiandaa kwa safari hiyo, wawe Afrika Mashariki, Uingereza, nchi za Ghuba au nchi jirani za Skandinavia.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba mwezi Juni mwanga hutangulia na barabara hufuata baadaye. Jijini Reykjavík, tarehe 21 Juni, jua huzama baada ya saa sita usiku na kuchomoza tena kabla ya saa tisa alfajiri, na hata katikati ya saa hizo giza haliingii. Msafiri akiuona mwanga huo hudhani nchi nzima imefunguka. Sivyo. Nyanda za juu za katikati ya kisiwa bado zina theluji, na pale ilipoyeyuka, udongo umelowa kiasi kwamba gari moja linaweza kuiharibu njia kwa msimu mzima. Ndiyo maana barabara za mlimani, ambazo namba zake hutanguliwa na herufi F, hufunguliwa moja baada ya nyingine kadiri ardhi inavyokauka. Baadhi hufunguliwa katikati ya Juni, nyingi mwishoni mwa Juni, na nyingine hungoja Julai, kama ile ya Sprengisandur, inayokatiza katikati ya kisiwa, katika miaka yenye theluji nyingi. Hakuna tarehe iliyowekwa na hakuna anayeweza kukuahidi tarehe, akiwemo wakala wako wa safari. Mamlaka ya barabara ya Aisilandi, Vegagerðin, huchapisha ramani ya hali ya barabara kila siku na hupokea maswali kwa simu namba 1777. Ramani hiyo isomwe kila asubuhi kabla ya kuondoka, kwa sababu ile ya wiki iliyopita haina thamani yoyote.

Tunaomba hili lieleweke bila kurudiwa: kizuizi chenye maandishi Lokað maana yake ni kwamba barabara imefungwa kisheria. Si ushauri, wala hakiwahusu wenye magari madogo peke yao. Anayepita hapo anaweza kutozwa faini, na madhara yakitokea atayabeba mwenyewe. Vilevile, kuendesha gari nje ya barabara, iwe kwenye mchanga, kwenye majani au juu ya mimea laini inayotanda kwenye mawe ya volkeno, kumepigwa marufuku na Sheria ya Uhifadhi wa Mazingira namba 60 ya mwaka 2013. Mimea hiyo ikikanyagwa na tairi huchukua miongo kadhaa kurudi. Faini zake ni nzito, na makosa makubwa yanaweza kufikia kifungo. Maelezo tunayoyapokea mara kwa mara, kwamba kulikuwa na alama za tairi za watu wengine, hayajawahi kuwa utetezi.

Hata barabara ya F ikiwa wazi, sheria inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mikataba ya kukodi magari kwa kawaida huyakataza magari madogo kabisa kuingia huko, hata kama dereva ni hodari. Soma mkataba wako, hasa sehemu isiyolipiwa na bima. Hapo utakuta mambo matatu yanayowashtua wengi. La kwanza ni maji: uharibifu unaotokea gari linapovuka mto usio na daraja haulipwi karibu na bima yoyote ya magari ya kukodi, hata ile inayouzwa kwa jina la bima kamili. Mito itokayo kwenye barafuto huongezeka kina kuanzia mchana siku ikiwa na joto, hivyo mto uliovukwa asubuhi unaweza usivukike jioni. Mto Krossá, kwenye njia ya kwenda bonde la Þórsmörk, umeyasomba magari makubwa. Nenda huko kwa basi maalumu la mlimani. La pili ni upepo: mlango uliofunguliwa bila kushikwa hung'olewa na upepo, na gharama yake ni ya mteja. Egesha gari likiuelekea upepo na ufungue mlango kwa mikono miwili. La tatu ni mchanga na majivu yanayopeperushwa, hasa pwani ya kusini, ambayo huchubua rangi na vioo. Bima yake hununuliwa peke yake.

Wasafiri wenye siku chache hawana sababu ya kung'ang'ania nyanda za juu mapema Juni. Barabara Namba 1, inayokizunguka kisiwa chote kwa takribani kilomita 1,300, ina lami, na pembezoni mwake kuna maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, ziwa la barafu la Jökulsárlón na eneo la Mývatn. Huo ndio pia wakati mzuri wa kuwaona pafini, ndege wa baharini wenye midomo ya rangi, wanaotaga kwenye visiwa vya Vestmannaeyjar na kwenye majabali ya Látrabjarg. Kwa maoni yangu, safari ya Juni iliyopangwa kuifuata barabara hiyo ina ukamilifu wake na haihitaji kutetewa. Anayetaka kuona nuru za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, hata hivyo, abadilishe tarehe, kwani nuru hizo huhitaji giza, na mwezi Juni hakuna giza. Tunaulizwa swali hili kila mwaka, na jibu halibadiliki.

Katika uendeshaji, wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza wakumbuke kwamba Aisilandi magari hupita upande wa kulia. Kosa hutokea wakati wa kutoka kituo cha mafuta, na kwenye barabara za changarawe zisizo na mstari katikati. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa mjini, isipokuwa pale kibao kinapoonyesha pungufu, 80 kwenye changarawe na 90 kwenye lami. Taa za mbele huwashwa muda wote, mchana na usiku. Kiwango cha kilevi kwenye damu kinachoruhusiwa kwa dereva ni 0.2 kwa elfu, yaani hata chupa moja ya bia inatosha kukuingiza matatani. Pale lami inapoishia na changarawe kuanza, punguza mwendo kabla ya kufika, si baada ya kufika. Madaraja mengi ni ya gari moja moja, na kondoo huachiwa malishoni mwezi huo huo, mara nyingi mama upande mmoja wa barabara na mwana upande wa pili. Faini za kamera na ada ya handaki la Vaðlaheiðargöng karibu na Akureyri, ambayo hulipwa mtandaoni, zisipolipwa hupitia kampuni ya kukodi na kurudi kwenye kadi yako zikiwa na nyongeza ya huduma. Nyongeza hiyo ni halali ikiwa imeandikwa kwenye mkataba.

Kulala ndani ya gari kando ya barabara hakuruhusiwi. Magari ya kulala hulala kwenye kambi rasmi, au kwa idhini ya mwenye ardhi.

Kuhusu viza, Aisilandi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwaka 2001. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake, kwa hiyo anayesafiri katikati ya Juni anaweza kuomba tangu katikati ya Desemba. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, na unaweza kufika siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajatimiza 12, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya matibabu iwe ya kuanzia euro 30,000, na hiyo haina uhusiano wowote na bima ya gari. Katika miji mikuu mingi, maombi ya Aisilandi hupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen. Thibitisha ni upi kabla ya kuomba miadi. Ukiunganisha Aisilandi na Denmark, kwa mfano, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Kibali cha ukaazi cha Uingereza au cha nchi ya Ghuba hakikuondolei viza. Kibali cha ukaazi cha Sweden, Norway au nchi nyingine ya Schengen kinakuruhusu kuingia, mradi ubebe kibali pamoja na pasipoti na usizidishe siku 90 katika kila siku 180. Nyama mbichi usibebe mzigoni, na unayetoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya (EEA), yaani nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Aisilandi, Norway na Liechtenstein, usibebe nyama wala maziwa.

Kabla ya kila siku ya barabarani, soma tahadhari za hali ya hewa za idara ya hali ya hewa kwenye vedur.is, ambazo hutolewa kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu, kisha fungua safetravel.is. Humo utapata pia maelezo ya peninsula ya Reykjanes, ambako milipuko imejirudia tangu mwaka 2021 na mji wa Grindavík ulihamishwa Novemba 2023. Ufukweni Reynisfjara, fuata taa za tahadhari na usiipe bahari mgongo, kwani watu wamekufa pale siku zilizoonekana tulivu kabisa. Namba ya dharura ni 112, na programu yake ya simu hutuma mahali ulipo. Waokoaji watakaokuja ni watu wa kujitolea walioacha kazi zao na familia zao, na hiyo peke yake ingetosha kutuzuia kupita kizuizi.

Mwenye malalamiko kuhusu gari ayawasilishe akiwa na nakala ya mkataba, picha za gari zenye tarehe alipolipokea na alipolirudisha, na ankara anayoipinga. Malalamiko kwamba barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa mwezi Juni hayapokelewi.