Je, wajua kwa nini mtu asiyekujua hukujia juu mtandaoni?

Dada mmoja anaweka Facebook picha ya ugali na dagaa. Chini yake ameandika: "Leo nimepika mwenyewe, jamani." Saa haijaisha, watu asiowajua wameshamwambia kwamba ugali una mabuje, dagaa hawakuchambuliwa, kucha zake ni ndefu mno kwa mpishi, na mmoja ameuliza kama ameolewa. Watu haohao wangekaa naye siti moja kwenye daladala, wangemsalimia, wangempisha ashuke, na hata angekuwa na chakula mkononi wasingekisemea neno. Imekuwaje?

Wengi hujibu kwamba watu siku hizi hawana malezi. Mimi silikubali jibu hilo. Malezi ya mtu hayamtoki anaposhuka kwenye daladala na kuwasha simu. Kilichobadilika ni mahali anapozungumzia, na mahali hapo pametengenezwa na watu, kwa namna inayoweza kuelezwa.

Tuanze na suala la nani anasoma. Unapoandika, akilini una watu wako: ndugu, mashoga, wenzako wa kazini. Watafiti Alice Marwick na danah boyd walilichunguza jambo hili kwa watumiaji wa Twitter miaka zaidi ya kumi iliyopita. Waliona kwamba kila mtu huandika akiwaza hadhira fulani, ilhali wanaomsoma ni wengine kabisa. Makundi ambayo maishani unakutana nayo mbalimbali, bosi kazini, mama nyumbani, marafiki kijiweni, mtandaoni yanarundikana pamoja na yote yanasikia sauti moja. Tangu wakati huo mambo yamezidi. TikTok ilijengwa juu ya ukurasa unaokuletea video za watu usiowafuata, na mitandao mingine ikaiga. Kwa hiyo yule aliyesema ugali una mabuje hakwenda kumtafuta yule dada. Picha ilimfuata yeye, ikatua kiganjani mwake akiwa amejilaza kwenye kochi.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo: kila mmoja anajiona yuko kwake. Mwenye picha anajua ule ni ukurasa wake. Msomaji naye ameshika simu yake, yuko sebuleni kwake, na kitu kimeletwa mbele yake. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zililitatua tatizo la namna hii kwa mawe: baraza mbele ya mlango, ambako mpita njia huketi, husalimia, hupata habari za mji, na huishia hapohapo mpaka akaribishwe ndani. Ukurasa wa mtandaoni hauna baraza. Njia ya mitaani inaishia moja kwa moja kwenye sufuria ya mtu.

Sababu ya pili ni macho. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kwa nini mtu akiwa mtandaoni hulegeza breki za ulimi: hajulikani, haonekani, halazimiki kusubiri jibu la papo hapo, na hamwoni mkubwa wa kumwogopa. Kwa miaka mingi watu walilichukua la kwanza tu wakasema shida ni majina ya bandia. Lakini ukifungua Facebook utawaona watu wanatukana kwa majina yao kamili, picha ya watoto wao wakiwa na sare za shule ikiwa pembeni. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walilipima jambo hili mwaka 2012. Waliwaweka watu 142 wawili wawili, wakawapa jambo la kujadili kwa kuandikiana, huku wakibadilisha hali: wengine wanajuana majina, wengine hawajuani, wengine wanaonana, wengine hawaonani, wengine wanatazamana machoni, wengine hapana. Kilichochochea maneno makali kuliko vingine vyote kilikuwa kutotazamana machoni.

Mtu yeyote aliyewahi kumkosoa mwenzake ana kwa ana anajua kinachotokea: unaanza sentensi, unaona uso wake unabadilika, unaimalizia kwa upole kuliko ulivyokusudia. Uso wa mwenzako unakuhariri. Kwenye simu sentensi inatoka nzima kama ilivyokaa kichwani.

Nayo sauti? Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha mwaka 2005 majaribio juu ya barua pepe. Walioandika sentensi za dhati na za kejeli walitegemea wasomaji wao wangezitofautisha kwa kiwango cha asilimia 78 hivi. Wasomaji walipatia asilimia 56, yaani karibu sawa na kubahatisha. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walifika asilimia 73. Anayeandika anajisikia kichwani akiwa na kicheko chake, na hajui kwamba kicheko hakikusafiri.

Kwetu jambo hili linauma zaidi kwa sababu ya utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno ambayo mwingine akiyasema ni ugomvi, na mtani huja hata msibani akafanya vituko na wafiwa wakacheka. Lakini utani una masharti: kila mmoja anajua mwenzake ni nani, anajua wanataniana kwa haki gani, na kesho yeye atataniwa. Ondoa masharti hayo, na kinachobaki ni maneno makavu tu. Anayekuja kwenye picha ya mtu asiyemjua akaandika "we dada una sura ya kazi" kisha akaulizwa akasema "nilikuwa natania" hakuwa na utani wowote wa kudai. Utani haujianzishi kwa mtu mmoja.

Halafu kuna mashine yenyewe. Kuanzia mwaka 2017 Facebook iliihesabu alama ya hasira kuwa na uzito mara tano ya laiki ya kawaida ilipokuwa ikiamua posti zipi zisambazwe. Nyaraka za ndani zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, zilionyesha hivyo. Uzito huo uliondolewa mwaka 2020, lakini msingi haujahama: komenti ni komenti, iwe ya pongezi au ya povu, na anayerudi kubishana anaisukuma posti iwafikie wabishi wengine. Eugen Rochko, Mjerumani aliyeanzisha mtandao wa kijamii wa Mastodon mwaka 2016, kwa miaka mingi alikataa kuweka kitufe cha kunukuu posti ya mtu na kuongeza neno lako juu yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kitufe hicho humfanya mtu aache kuzungumza na mwenye posti, ageukie umati wake na kumnanga. Kilipoingia mwaka 2025, kiliwekwa pamoja na uwezo wa mwenye posti kuamua nani amnukuu.

Wapo wajuaji pia, na hawa nawaonea huruma kidogo, kwani wengi huja kwa nia njema. Mtu amekosea tarehe, unamsahihisha. Ubaya ni kwamba wewe unaona komenti yako moja, yeye anaona mia mbili zinazosema kitu kilekile. Hakuna kati ya hao mia mbili aliyemkosea, lakini amepigwa. Wanawake wanalijua hili kuliko wengine: asasi ya Pollicy ya Uganda ilipowahoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, zaidi ya robo walisema wamewahi kunyanyaswa mtandaoni kwa namna moja au nyingine.

Sisemi kwamba mgeni asijibu kamwe. Julai 2015 CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Barack Obama, Wakenya waliijibu kwa wingi chini ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mmoja wa wakubwa wa shirika hilo, Tony Maddox, akasafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Ule ulikuwa umma ukijibu shirika lenye kipaza sauti kikubwa kuliko chao wote. Umati uleule ukimgeukia msichana mwenye sufuria ya ugali, mizani imepinduka.

Sheria zipo, Tanzania ya mwaka 2015 na Kenya ya mwaka 2018, na zinagusa vitisho na unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa mabuje ya ugali hazina msaada. Kinachosaidia ni kitu cha zamani mno. Oktoba 1995 ulitolewa mwongozo wa adabu za intaneti unaojulikana kama RFC 1855, ulioandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, na ndani yake mna ushauri kwamba jibu la hasira lilale usiku mmoja kabla ya kutumwa. Mwaka 2021 Twitter ilieleza matokeo ya jaribio lililokaribia wazo hilo: mtu akitaka kutuma jibu lenye maneno makali, programu ilimwuliza kama angependa kulitazama tena. Asilimia 34 walibadilisha maneno au waliacha kutuma kabisa. Waliulizwa swali moja tu, na theluthi yao wakajirudi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chini ya posti ya usiyemjua, soma kwanza walichosema wengine. Kama limeshasemwa, limeshasemwa. Tazama kama ameomba maoni. Na usidhani kuhamia inboksi ni upole: kwa mwanamke, ujumbe wa faragha kutoka kwa mwanaume asiyemjua huwa mzito kuliko komenti ya hadharani.

Ukiwa mwenye posti, huna deni la jibu kwa kila aliyepita. Kufuta komenti kwenye ukurasa wako si uoga, na kumblok mtu si kumtukana. Tangu Agosti 2020 Twitter, ambayo sasa inaitwa X, inakuruhusu kuchagua nani ajibu posti yako, na mitandao mingine mikubwa ina vizuizi vyake. Vitumie kabla posti haijasambaa, kwa sababu vikiwekwa baadaye yaliyoandikwa yameshasomwa. Sema pia unachotaka ndani ya posti yenyewe. "Nimefiwa na paka wangu, sihitaji ushauri, nataka pole tu." Wapo watakaopuuza. Wengi, wakishaambiwa mgeni akae wapi, hukaa.