Ujazo unaotumika: maana yake katika tangi dogo la mafuta

Ujazo unaotumika ni kiasi cha mafuta ambacho injini inaweza kukivuta kutoka kwenye tangi lililojazwa inavyopasa, hadi pale inapozimika kwa kukosa mafuta, ikiwa katika mkao na mteremko iliokusudiwa kufanyia kazi. Kiasi hicho siku zote ni pungufu kuliko nafasi iliyomo ndani ya tangi. Katika tangi kubwa upungufu huo hauonekani sana, lakini katika tangi dogo lililobanwa chini ya kiti, ubavuni mwa fremu au juu ya injini yenyewe, ndio unaoamua kama tangi linafaa au halifai. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza anayopaswa kuifanya msanifu kabla hajakata bati.

Sehemu ya upungufu huo iko juu. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kila joto lake linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo lita 20 zilizotiwa zikiwa baridi huongezeka kwa zaidi ya nusu lita zikipata joto la nyuzi 30 zaidi, na tangi lililo jirani na injini hulipata joto hilo bila shida. Isipoachwa nafasi ya hewa, mafuta hutokea kwenye tundu la kupumulia na yanaweza kudondokea chuma cha moto. Ndiyo maana shingo ya kujazia katika matangi mengi ya pikipiki hushuka kidogo ndani ya tangi, ili mafuta yakifika kwenye mdomo wake, hewa iliyobaki juu inaswe na mjazaji alazimike kuacha.

Hasara kubwa zaidi iko chini, na hapa umbo lina uzito kuliko ukubwa. Chukua lita 10. Ukizitia katika tangi la mchemraba, kila upande utakuwa na sentimita 21.5 hivi. Nafasi ikikulazimisha kutengeneza tangi bapa la sentimita 50 kwa 40, kimo chake kitakuwa sentimita 5 tu. Sasa inua mdomo wa bomba la kutolea mafuta sentimita 1 juu ya sakafu ya tangi, kama inavyofanywa ili maji na uchafu vibaki chini: katika mchemraba utapoteza chini ya nusu lita, na katika tangi bapa lita 2 nzima, yaani sehemu ya tano ya mafuta yote.

Mteremko huzidisha hasara hiyo. Tangi hilohilo bapa likiinama kwa urefu wake nyuzi 6 hivi, ncha mbili zake hutofautiana kimo kwa sentimita 5, ambacho ni kina chake chote. Kama bomba liko kwenye ncha ya juu, hata likiwa sawasawa na sakafu, injini itazimika huku lita 5 zikiwa zimelala upande wa pili. Bomba hilohilo likihamishiwa katikati ya sakafu, kinachobaki ni lita 1 na robo. Kwa hiyo mahali pa tundu moja panaweza kukupa mafuta mengi kuliko kuongeza ukubwa wa tangi lote.

Dawa nyingine ni kuchonga kisima kidogo chini ya sakafu na kuitega sakafu yenyewe ielekee huko, au kuweka ndani kuta zenye matundu karibu na sakafu, ili mafuta yapite polepole badala ya kukimbilia upande mmoja kila chombo kinapokata kona. Pale tangi linapolazimika kupanda juu ya kitu, kwa mfano juu ya shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ya gari, hugawanyika kuwa mabonde mawili, na bonde lisilo na pampu huhitaji mfyonzo wa kuyavusha mafuta yake. Pikipiki ina hali hiyohiyo, kwa kuwa tangi lake hulikalia bomba la fremu kama tandiko. Koki, yaani bomba la kufungulia mafuta, ikiwa upande mmoja tu, mafuta ya upande wa pili hubaki hata baada ya rizavu (akiba ya mwisho) kwisha, na mwendeshaji mwenye uzoefu huilaza pikipiki upande wa koki ili yavuke.

Umbo bapa lina gharama nyingine. Mchemraba wa lita 10 unahitaji bati la karibu mita 0.28 za mraba, na tangi bapa tulilolieleza mita 0.49, tena kuta zake pana hubonyea kwa urahisi zisipotiwa migongo, yaani mikunjo ya kuzikaza.

Katika ndege, mafuta yasiyoweza kutumika hupimwa na kutajwa mbali na yale yanayotumika. Tangi dogo linastahili uangalifu uleule, na kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kulifunga kwenye chombo, lijaze maji yaliyopimwa hadi kimo cha kawaida cha kujazia, liinamishe kwa mteremko mkali kuliko wote utakaokutana nao, fungua bomba, na upime yaliyotoka. Rudia kwa kuliinamisha kila upande, kisha ulikaushe kabisa. Kipimo kidogo kuliko vyote ulivyopata ndicho ujazo unaotumika.