Kabla ya kumnunulia mtoto kiti cha kubembea, kigeuze juu chini

Tunapoelekea Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani, Machi 15, tumekuwa tukipita kwenye maduka ya vifaa vya watoto hapa Tanga mjini, kwa sababu malalamiko yameongezeka. Mengi yanahusu kiti kile cha kubembea chenye upinde wa vidoli juu, ambacho wauzaji hukiita bebi baunsa. Kwa ukaguzi wa ubora tunaoufanya kila siku, kiti hiki kina kazi moja tu: kumchangamsha mtoto aliye macho, akiwa sakafuni, mbele ya mtu mzima. Madhara mengi tunayoletewa hutokea kinapopewa kazi nyingine.

Bibi mmoja wa Chumbageni alikuja na kiti amekifunga ndani ya khanga. Mjukuu wake wa miezi minne alikuwa amewekwa juu ya meza ya chakula ili bibi amwone kutoka jikoni. "Mwanangu, sikumwacha. Niligeuka tu kupunguza moto." Mtoto anaporusha miguu, kiti hutikisika na kusogea kidogo kidogo, na juu ya mbao yenye vanishi husogea zaidi. Kikafika ukingoni kikaanguka. Mtoto alitoka na uvimbe juu ya sikio, tunamshukuru Mungu haikuzidi hapo. Tulipokigeuza, miguu minne ilikuwa na mipira miwili tu. Bibi hakuwahi kukitazama chini, na muuzaji naye hakumwonyesha.

Kwa hiyo ukiwa dukani, achana kwanza na muziki na taa. Geuza kiti. Hesabu mipira ya miguuni, ivute uone kama inang'oka. Bonyeza fremu kwa mikono miwili pale anapokaa mtoto, kisha iyumbishe pembeni. Kitako cha chini kinapaswa kuwa kipana kuliko sehemu ya kukalia. Mkanda uwe na sehemu inayopita katikati ya mapaja, maana wa kiunoni peke yake humwacha mtoto ateleze hadi shingo ikutane na mkanda. Fungua na funga kishikizo mara kadhaa. Upinde wa vidoli usiutumie kubebea kiti, haukutengenezwa kwa kazi hiyo na huchomoka.

Betri ndizo zinazotuumiza kichwa zaidi. Viti vingi vya muziki na mtetemo vinatumia betri, na vingine vina zile ndogo za duara kama kishikizo cha shati. Kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu. Kikifunguka kwa kucha, rudisha kiti hapo hapo. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Ukihisi mtoto amemeza, au kaka yake mkubwa amemeza, usimtapishe wala usisubiri itoke yenyewe. Mpeleke Hospitali ya Bombo au hospitali iliyo karibu nawe papo hapo.

Sasa suala la kulala, ambalo tumelirudia mpaka sauti imekauka. Mzazi ananiambia, "Lakini humo ndimo anamolala vizuri." Ndiyo, analala, na hapo ndipo hatari inapoanza. Shingo ya mtoto mchanga bado haijakaza. Akiwa ameinama nusu, kichwa huanguka mbele, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, na hili hutokea kimya kimya bila kilio. Marekani mwaka 2019 iliagiza vitanda vya aina moja vilivyoinamishwa, karibu milioni 4.7, virudishwe kutoka kwa wateja baada ya vifo vya watoto wachanga. Mwaka 2022 ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vifaa vya kulalia watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Kiti cha kubembea huinama zaidi ya hapo. Mtoto akisinzia, mtoe umlaze chali mahali tambarare na pagumu kiasi.

Wengine wanaamini kwamba kurukaruka kwenye kiti kutamfanya atembee mapema. Si kweli. Misuli ya shingo na mgongo hujengeka mtoto akilala kifudifudi kwenye mkeka akihangaika kuinua kichwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku akiwa macho, na asifungwe kwenye kiti au kigari kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Woka, yaani kile kifaa cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, ni hatari kubwa zaidi. Kanada imeipiga marufuku tangu 2004.

Uzito wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha kiti, na kwa vingi ni kilo 9. Linganisha na kadi ya kliniki, ambayo kila mama anayo. Mtoto akianza kukaa mwenyewe, kiti kimekwisha kazi hata kama kilo hazijafika.

Kuhusu mitumba kutoka Ulaya, dhana kwamba kila cha Ulaya ni imara inatuchosha. Kiti kinaweza kuwa kimeshaondolewa sokoni huko kwa kasoro. Tena kwa hewa yetu ya bahari, chuma kinaota kutu mahali kitambaa kinapokificha. Vua kitambaa, tazama maungio na nyuzi za mshono.

Na mnaouliza mbona kiti hakina nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania: nembo hutolewa kwa mzalishaji mwenye leseni. Bidhaa ya nje inakaguliwa ilikotoka chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2012, na mwagizaji hupewa cheti cha ubora wa shehena. Mzigo ukifika bila cheti, hukaguliwa bandarini au mpakani, kama pale Horohoro, na mwenye mzigo hulipa tozo ya adhabu juu ya gharama za ukaguzi. Mzigo ukishindwa vipimo, huteketezwa au kurudishwa ulikotoka kwa gharama za mwenyewe. Viti vinavyoshushwa kwenye bandari bubu, zile zisizo rasmi, havipiti kwenye ukaguzi wowote, na ndiyo maana tunasisitiza risiti.

Ukiwa na lalamiko, usipeleke kiti kwa fundi wa kuchomelea kwanza, maana ushahidi unaharibika. Kiache kilivyo pamoja na boksi, kipige picha, andika namba ya toleo, jina la duka na tarehe uliyonunua. Mkaguzi ataenda dukani, atachukua sampuli mbele ya muuzaji, ataifunga kwa lakiri na wote wawili watasaini fomu. Sampuli ikifeli, bidhaa iliyobaki huzuiwa na kuondolewa sokoni. Anayeuza bidhaa chini ya viwango vya lazima anavunja Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, na kumzuia mkaguzi ni kosa jingine linalojitegemea. Bidhaa ikiwa bandia, lalamiko linapelekwa Tume ya Ushindani.

Muuzaji akikataa kukupa risiti, usinunue. Na kama ulishanunua bila risiti, njoo hivyo hivyo na kiti chako. Tunafungua saa 1:30 asubuhi.